Mgeni Mwenye Jina la Baba

Ijumaa ile Bi Mwantumu alifika kwenye lango la kituo cha Kwemasumbi saa tatu asubuhi, kopo la panzi kwapani, na kabla hata hajaketi akauliza swali lake la kila wiki.

"Mume wangu hajambo?"

"Hajambo, mama," alijibu bintiye, Sikudhani, mlezi wa wanyama wa kituo. "Yuko pale kwenye gogo. Kakuona tangu ukipanda kilima."

Msije mkadhani bibi kachanganyikiwa. Akili yake ilikuwa timamu kuliko ya wengi wanaojidai wazima. Mumewe, Mzee Salehe Shekiondo, alifariki miaka mitatu nyuma na yeye ndiye aliyemfumba macho. Huyo wa kwenye gogo alikuwa mnyama mdogo, ukimkunjia kiganja anaenea, mwenye pua ndefu iliyochongoka, tumbo jekundu kama udongo wa Usambara, na mstari mweusi kutoka kwenye paji la uso mpaka mkiani. Usimwite panya, Sikudhani atakukasirikia. Panya anaguguna mahindi. Huyu anakula nyama: panzi, buibui, mijusi, akikosa hao hata kifaranga wa jirani. Na jike wake ana mfuko tumboni, humo ndimo anamolelea watoto.

Kwao ni mbali, ng'ambo ya bahari kubwa, kwenye milima yenye misitu ya mvua. Ni mnyama wa ukungu. Ukungu ulipoanza kupanda juu kwa joto, naye akapanda nao, mwaka hadi mwaka, mpaka wakafika kileleni. Ukungu ukaendelea, yeye akabaki. Ndipo nchi zenye milima inayoshika mawingu bado zikaombwa zipokee wageni, na Usambara ikapewa hawa. Walikuja ishirini kwenye sanduku la baridi, wakafunguliwa ndani ya boma la eka arobaini za msitu lililozungushiwa wavu. Kwao huko hakubaki hata mmoja.

Bi Mwantumu akachutama, akatoa panzi mmoja, akamshika mguu. Dume akashuka gogoni mbio, akapita kwenye kitundu cha mlango wa banda la kulishia pale langoni, akampokonya.

"Taratibu wewe! Ona alivyo na pupa. Ulipokuwa mzima hata mkono wangu hukuthubutu kuushika mbele za watu. Leo unanilamba vidole mchana kweupe, huoni haya?"

Sikudhani alicheka, lakini kicheko kilimkwama. Utani ule aliuanzisha yeye mwenyewe. Mwezi wa kwanza tu wageni walipofika, watatu walitoroka wavuni wakala vifaranga kumi na mmoja wa mama mmoja wa kijijini. Watu wakapandwa na hasira, mitego ikatapakaa kila kona. Sikudhani akaenda barazani akasema: madume hawa tuwape majina ya wazee wetu waliotangulia. Kila ukoo utoe jina moja, kama tunavyowapa wajukuu. Aliyepewa jina la babako, utamtegea mtego?

Kha! Ilifanya kazi kuliko wavu wowote. Wiki haikuisha, mitego yote ikateguliwa. Watu wakawa wanapanda kilima kuja kuwasalimia marehemu wao. Bibi mwenye mjukuu aliyerithi jina la mumewe humwita mjukuu huyo "mume wangu", ndivyo watu wanavyotaniana kote huku, basi wajane wa kijiji nao wakaja kuwatania wanyama. Baraza likaandika na sheria kabisa: mgeni mwenye jina hauawi na mashine wala na mtu, mpaka wenye jina walichukue kwanza. Mkubwa wa ukoo aseme mbele ya mlezi, "Jina limerudi nyumbani," mnywe chai pamoja, ndipo yafuate mengine. Sikudhani alipigiwa makofi siku ile. Aliona kajua kweli kweli.

Sasa akavuta kigoda, akaketi karibu na mama yake. Ilikuwa lazima aseme.

"Mama, madume inabidi wazimwe."

Bi Mwantumu hakugeuka. "Wazimwe kama taa?"

"Punje zao."

Punje kila mtu kijijini aliijua. Kwa asili yao, madume hawa huishi msimu mmoja tu. Wakishapanda majike, homoni fulani hufumuka mwilini mwao isizuilike. Manyoya yanapukutika, macho yanaingia utando, mwili unajila wenyewe, na ndani ya siku kumi dume amekufa. Madume wote, mwezi mmoja. Wataalamu waliona huo ni upotevu: mko na wanyama ishirini duniani, mnaachaje nusu wafe? Wakatengeneza kijidude kidogo kuliko punje ya mtama, wakakipandikiza chini ya ngozi ya shingo, kikaishi kwa joto la mwili na kuishika homoni ile isipande. Madume wakavuka msimu. Watu walishangilia, hata redioni walitangazwa.

Kilichosahaulika ni kwamba punje inaleta njaa. Dume mwenye punje anakula kama majike wawili. Na mwaka huu vuli haikunyesha, mitambo ya kutengeneza ukungu ilinyunyiza mpaka pampu zikaungua, na wadudu hawakutoka.

"Majike saba wana watoto mfukoni," Sikudhani alisema. "Walianza na watoto ishirini na wanane. Juzi tumehesabu kumi na tisa. Jike akikosa chakula maziwa yanakauka, mtoto anaachia chuchu, anadondoka. Tunawaokota kwenye majani, mama. Wadogo kama harage."

"Wapeni chakula basi. Si mnao wadudu wa kufuga?"

"Majike hawakubali kitu chenye harufu ya mtu. Huyu anakula mkononi kwako kwa kuwa alifika mdogo, tukamlea kwa chupa."

"Basi nipeni nikae naye nyumbani."

"Tulimfungia dume mwenzake, Mahimbo, siku moja tu. Alijipigiza kwenye waya mpaka pua yote ikachubuka, tukamfungulia. Mama, kwao huko dume anakufa ili jike apate msitu peke yake, alee. Sisi ndio tuliozuia. Koo nane zimeshachukua majina yao. Nilizunguka jana kutwa, chai nimekunywa mpaka tumbo limejaa. Limebaki moja."

Bi Mwantumu akafunika kopo. Alikuwa na miaka themanini na moja, na alipoinuka alikataa mkono wa bintiye.

"Uliponiambia nilitoe jina la baba yako nilikuuliza, mchezo huu utaishia wapi? Ukasema, mama usiwe na wasiwasi. Nikalitoa. Sasa unaniambia nimzike mara ya pili, tena kwa kumuua?"

"Mama, ni mnyama."

"Nani alinifundisha kumwita mume wangu? Mimi au wewe?"

Sikudhani akainama kuokota bawa la panzi lililodondoka.

"Jina halijarudi," alisema mama yake. "Na likirudi nitakuambia mwenyewe." Akashuka kilima polepole, na bintiye akasimama mlangoni kama mtu aliyenyang'anywa kitu.

*

Jumamosi akawazima wanane.

Kifaa chenyewe kilikuwa kama rimoti ya kawaida. Unamsogelea mnyama mpaka urefu wa mkono, unaweka kiganja chako juu ya kifaa, nacho kinatetemeka mara moja, basi. Hakikubali kiganja cha mtu mwingine ila mlezi, kwa sababu baraza lilikataa katakata jambo hilo lifanywe kutoka ofisi ya mbali. Punje ikizimwa inayeyuka ndani ya damu. Hakuna kurudi nyuma. Ukithubutu kumpandikiza nyingine dume ambaye homoni imeshafumuka, moyo wake unasimama palepale.

Kila alipomzima mmoja Sikudhani alisema, "Nisamehe, babu." Alisema mara nane. Dume wa tisa alimfuata nyuma siku nzima akidhani ana panzi.

Ofisini Daktari Anyelwisye, daktari wa wanyama wa kituo, alikuwa anamsubiri mbele ya kioo cha kompyuta chenye vitone vinavyoonyesha walipo wanyama. Alikuwa kijana wa Tukuyu, mpole, na kwa wiki mbili hakuwa amelala vizuri.

"Pole, mama. Na yule wa tisa?"

"Mama yangu hajakubali."

Daktari akaonyesha kioo kwa kidole. "Tazama anapowindia. Viota vinne viko ndani ya eneo lake. Wale wanane walikuwa wanakula pembezoni, huyu anakula mlangoni kwa wenye watoto. Kati ya wote tisa, kama ningeambiwa nichague mmoja tu, ningemchagua huyu."

"Unataka nivunje sheria ya baraza?"

"Sitaki uvunje kitu. Mimi mgeni hapa kama wao." Akajifuta uso. "Nakueleza ninachokiona tu."

Ndiyo hali ilivyokuwa. Daktari hakuweza kumwamuru mlezi, Sikudhani hakuweza kumlazimisha mama yake, na mama hakuweza kuwalisha watoto wa mnyama. Kila siku jioni Sikudhani alipita kwa Bi Mwantumu, wakala, wakazungumzia habari za majirani, na akiligusa lile jambo tu bibi anaanza kuosha vyombo kwa kelele.

Jumatatu watoto walikuwa kumi na watano. Jumanne kumi na watatu. Jumatano madume wanane walianza kutembea hovyo juani, ngozi ikionekana mgongoni, wakijigonga kwenye mizizi. Sikudhani aliwapita akiinamisha kichwa. Asubuhi ya Alhamisi walikuwa wamekufa madume watatu, na watoto walikuwa tisa, kwa majike watatu tu.

Alhamisi hiyo alasiri alikuwa anakagua viota peke yake alipomkuta baba. Ndivyo alivyomwita kimoyomoyo, akipenda asipende. Dume alikuwa juu ya kiota cha jike mmojawapo, anachakura ukindu uliooza, anatafuna mende mmoja baada ya mwingine. Jike alikuwa hatua mbili tu pembeni, mbavu zinaonekana, anatetemeka, anaogopa kusogea. Tumboni mwake mfuko ulikuwa umelegea na watoto watatu walining'inia.

"Toka!" Sikudhani alimfukuza. "Toka hapo, baba, unawaua wenzio!"

Dume akamwona, akaja mbio kwa furaha, akasimama juu ya kiatu chake na kunyoosha pua.

Mlezi akatazama huku na huku. Hakukuwa na mtu. Akatoa kifaa mfukoni. Alijiambia: atakufa baada ya siku kumi, na mimi nitasema ni uzee. Mama atalia, atamzika, atanisamehe bila kujua. Na watoto tisa watapona. Akaweka kiganja. Kifaa kikatetemeka mara moja.

Alikaa chini kwenye majani akalia kwa sauti. Dume alizungukazunguka magotini mwake kwa muda, akaona hakuna cha kula, akaenda zake.

*

Ijumaa kabla ya saa mbili mvua ikaanza. Si manyunyu, mvua yenyewe, ile iliyosubiriwa tangu mwezi wa kumi, ikipiga bati la banda mpaka watu hawasikilizani. Sikudhani alikimbilia ofisini akiwa ameloa, anacheka.

Daktari hakuwa anacheka.

"Majike wamemwaga watoto," alisema. "Wote watatu, alfajiri. Uzito wao ulishuka mno. Mwili wa jike ukifika pale haungoji mvua, unaachia watoto wote ili mama abaki. Tisa wote, mama. Nimetoka kuwaokota."

Alikuwa amewaweka kwenye kisahani cha chai, juu ya pamba. Sikudhani aliwatazama, kisha akatazama dirishani, maji yakimiminika kana kwamba yanamkomoa mtu. Siku mbili tu. Ingenyesha siku mbili nyuma, hawa tisa wasingekufa.

"Hata hivyo hatujaisha," Daktari Anyelwisye aliendelea, na sauti yake ikabadilika. "Majike saba wako hai. Jike aliyepoteza watoto anarudi kutaka dume baada ya siku ishirini, ishirini na mbili. Wadudu watakuwa tele. Dume mmoja mwenye punje anawatosha wote saba. Mbegu za dume za kugandisha ungejua zilivyotushinda, za aina hii hazifufuki kwenye barafu. Tungekuwa tumewazima wote tisa, leo ningefunga milango." Akainuka, akamshika mabega. "Mama yako ametuokoa, unaelewa? Ubishi wa yule bibi. Nakwenda kumpigia magoti."

Sikudhani alitaka kumwambia angoje, lakini Daktari alishavaa koti la mvua, na kwa bahati mbaya hakuhitaji kwenda mbali. Ilikuwa Ijumaa. Bi Mwantumu alikuwa keshafika bandani, mwavuli umevunjika ubavu mmoja, gauni limelowa mpaka magotini.

"Shikamoo, bibi!"

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umenuna na kucheka kwa pamoja?"

Daktari akapiga goti kweli kwenye sakafu ya udongo, akamweleza yote: watoto waliokufa, majike waliobaki, siku ishirini, na dume mmoja duniani kote mwenye kuweza kuanzisha upya. Bibi alisikiliza akitikisa kichwa, akawasikitikia watoto, na mwisho uso wake ukaanza kung'aa. Akamgeukia bintiye.

"Umesikia? Mimi nilikuwa nang'ang'ania mume wangu tu, kumbe nimeshika ukoo mzima! Haya, sema sasa. Sema, mama ulikuwa na haki."

"Ulikuwa na haki, mama."

"Sema kwa sauti, mvua inapiga."

"Mama." Sikudhani aliegemea ukuta. "Nilishamzima. Jana alasiri."

Mvua ilipiga bati. Daktari alibaki amepiga goti vilevile, kama aliyesahau namna ya kusimama.

"Bila jina kurudi?" aliuliza taratibu. "Mama Sikudhani, peke yako? Unajua baraza litafanya nini? Watakutoa hapa. Watafunga..."

"Nilimruhusu mimi," alisema Bi Mwantumu.

Wote wawili walimgeukia.

"Juzi usiku, tukila. Nilisema jina limerudi nyumbani, na chai tulikunywa. Nimesahau kukwambia sasa hivi, daktari, ndiyo uzee wenyewe huo. Andika hivyo kwenye karatasi zako." Alimkazia macho kijana mpaka akayainamisha. "Sasa niambie. Dawa hakuna?"

"Hakuna, bibi."

"Ana siku ngapi?"

"Tisa. Labda kumi. Majike wanahitaji ishirini."

"Nenda ukawapigie simu wakubwa wako."

Daktari akaondoka bila kofia. Mama na mwana wakabaki. Sikudhani akapiga hatua moja mbele akanyoosha mkono.

"Mama, nilidhani watapona. Walikuwa tisa. Haki ya Mungu nilidhani..."

"Usinishike."

Mkono ukabaki hewani, kisha ukashuka.

"Nimekulinda kwa watu," alisema Bi Mwantumu. "Sitaki mtoto wangu asemwe. Lakini mimi si watu." Akavuta kigoda, akaketi akiutazama mlango unaoelekea msituni, na sauti yake ikawa ya kawaida kabisa, ya mtu anayepanga shughuli za nyumbani. "Nenda kaniletee godoro langu, na blanketi lile zito, na sufuria ndogo. Macho yakianza kumtia utando atahitaji mtu wa kumtafunia. Nitakaa naye hapa hapa."

"Siku zote kumi, mama? Baridi hii?"

"Zote. Na ukishaleta, uweke mlangoni. Usiingie mpaka nikuite."

Sikudhani alitoka mvuani. Njia ya kuteremkia kijijini ilikuwa tope tupu, akateleza mara mbili, akainuka mara mbili. Nyumbani alilikunja godoro, akalifunika kwa nailoni lisilowe, akalibeba kichwani, akaanza kupanda tena. Alipofika aliliweka mlangoni kama alivyoambiwa, blanketi juu yake, na sufuria juu ya blanketi. Kisha akasimama nje kwenye mvua, akingoja kuitwa.